Ukucha wa Sabini

Ijumaa, tarehe 12 Juni. Mvua ilikatika kabla ya alfajiri, ikaacha ukungu mzito juu ya mashamba ya chai na joto la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa tu. Maji ya mto yalikuwa yamemeza ngazi tatu za kivuko.

Inspekta Minoti Hazowary alifika kituo cha polisi cha Dighalijan saa mbili kasoro robo, viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini. Hakupata nafasi ya kuvivaa. Mkuu wa kituo, Bwana Phukan, alimwita kutoka ndani.

"Kaa, Inspekta."

"Nimelowa, afande. Nitaharibu kiti."

"Basi simama. Faili la Someswari Tanti nalitaka hapa mezani leo kabla ya saa kumi. Limefungwa."

Dighalijan nzima ililijua faili hilo. Someswari Tanti, mchuma chai wa zamani, aligombea kiti cha eneo lao katika Bunge la Jimbo la Assam kwa alama ya cherehani. Matokeo yalitangazwa tarehe mosi Mei: Mukunda Barpujari, alama ya filimbi, kura 48,217, Someswari, kura 48,186. Pengo lilikuwa kura thelathini na moja. Sheria humpa aliyeshindwa siku arobaini na tano za kufungua kesi Mahakama Kuu, kule Guwahati, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Bila ushahidi wa kushikika, jaji asingekubali kufungua magunia ya uchaguzi yenye lakiri. Magunia yasipofunguliwa, kiti ni cha Barpujari kwa miaka mitano.

"Si ulisema mwenyewe chumba cha mashine za kura hakikuguswa?" Phukan aliuliza.

"Nilisema. Lakiri kumi na nne, nambari zote sawa. Kamera haikuzimika, mlinzi hakulala. Wiki tatu nilizipoteza huko."

"Basi mwizi hakuna."

"Kwenye chumba hakuna. Lakini kituo cha kura namba 114, pale shule ya Kolaguri, kura hamsini zimezidi."

"Kwa hesabu ya nani? Ya yule wakala wa Someswari, aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu?"

"Hesabu hiyohiyo, afande."

Phukan alisogeza kikombe chake cha chai upande, akakirudisha palepale. "Kuna kituo kule kwenye visiwa vya mchanga, mpakani. Mafuriko huja mara tatu kwa mwaka. Hakina inspekta."

"Najua kuogelea."

Minoti alifungua shajara ya kesi juu ya meza ya mkuu wake. Kurasa zake zina nambari; hachani mtu hata moja bila kuonekana. Akaandika huku akitamka kila neno: "Saa mbili kasoro dakika tano. Nimeamriwa na mkuu wa kituo kufunga faili. Sijafunga." Akamgeuzia kalamu. "Utatia sahihi, afande, au niandike kwamba umekataa?"

Phukan alitazama dirishani. Minoti akaandika na hilo.

*

Alipofika Kolaguri kwa skuta, Someswari alikuwa amekaa kizingitini kwa Etowari Bhumij, wakala wake wa kituo 114. Mapajani alikuwa na orodha ya wapigakura iliyolainika kwa kushikwashikwa. Etowari alimimina chai ya chumvi, kama wanavyokunywa watu wa mashambani.

"Tumebakiwa na wangapi?" Minoti aliuliza.

"Mmoja," Someswari alisema. "Nimeomba tangu saa kumi alfajiri. Mungu anipe kidole kimoja tu, basi, sitamsumbua tena mwezi huu."

Hesabu yenyewe Minoti aliipata Jumatatu iliyopita, akiwa kwenye foleni ya mafuta ya taa, alipouona mkono wa mama mmoja. Siku ya kupiga kura, kila mtu hupakwa wino usiofutika kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, chini kabisa ya ukucha. Sabuni haiutoi, ndimu haiutoi. Ukucha unapokua, wino hupanda nao. Tangu tarehe 7 Aprili zilikuwa zimepita wiki tisa. Kwa watu wengi alama ilikuwa imekaribia ncha. Wembe mmoja zaidi, na ushahidi ungebaki uani na takataka.

Kituo 114 kilikuwa na wapigakura 731. Fomu ya matokeo ilisema waliopiga ni 662. Kwa hiyo wasiopiga hawangeweza kuzidi sitini na tisa. Akipatikana mtu wa sabini ambaye hakupiga, fomu ni ya uongo.

Hadi Alhamisi jioni walikuwa na vyeti vya waliokufa tisa. Waliokuwa kazini mbali, Bengaluru na Kerala, tangu Januari walikuwa ishirini na sita, kila mmoja na barua ya mwajiri wake. Na kule kwenye nyumba za wafanyakazi, kucha safi thelathini na nne, kila moja imepigwa picha, na mwenyewe ametia dole gumba chini ya maelezo. Sitini na tisa kamili, kana kwamba aliyeandika fomu anawacheka.

Walikwenda penye mizani ya majani ya chai. Wachumaji walikuwa wamepanga mstari, vikapu mgongoni. Minoti alipita akitazama vidole.

"Inspekta, ukimaliza kucha utuangalie na meno," mmoja alisema. "Mimi lina­niuma moja huku nyuma."

"Atataka kukuoa huyu," mwingine akadakia. "Mama mkwe wangu ndiye alinikagua hivi."

Vidole vyote vilikuwa na wino. Mwisho wa mstari, Lakhan Orang, mtu wa kubeba magunia, aliuficha mkono nyuma.

"Wewe ulipiga?" Minoti aliuliza.

"Nilipiga. Mimi ni raia."

"Naomba kidole."

Kilikuwa safi kama cha mtoto mchanga. Lakhan alisema ukucha wake hukua haraka kuliko wa watu. Alisema pia kwamba chokaa ya kiwandani hula kila kitu. Minoti hakubishana, alishika kidole cha kulia na cha kushoto akavitazama pamoja, vyote vina alama ileile ya zamani ya kubanwa na mlango, katikati ya kucha.

"Ulibanwa lini?"

"Sikukuu ya Bihu, ya mwaka mpya wetu. Mlango wa lori."

Bihu ilikuwa katikati ya Aprili, wiki moja baada ya kura. "Alama ya Bihu iko katikati ya ukucha," Minoti alisema, "na wino wa wiki moja kabla yake umeshatoka juu? Uliruka?"

Phulmoni, mkewe, aliweka kikapu chini. "Mwambie, Lakhan. Au nimwambie mimi, na nikisema mimi sitaishia hapo."

"Niliamka saa kumi jioni," Lakhan alisema, akitazama mizani. "Nilikuwa nimekunywa pombe ya mchele usiku wa kuamkia. Nilipofika shuleni wanafunga. Nikamwambia huyu nimepiga."

"Miezi miwili unajisifu umeichagua serikali," Phulmoni alisema.

Wanawake walicheka hadi msimamizi wa mizani akatoka kuangalia kuna nini. Lakhan alikuwa ameinamisha kichwa. Someswari alimwendea, akamshika begani.

"Kaka, hukunipa kura Aprili. Nipe leo dole gumba. Lina thamani kuliko kura kumi."

Lakhan alilichovya dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi. Sabini.

*

Walirudi kwa Etowari. Fomu sasa ilikuwa ya uongo, lakini uongo wa nani, na kwa nini hamsini? Etowari alikuwa ameweka alama kwenye orodha yake kila mtu alipoingia, akapata 612. Fomu ikasema 662. Kwa miezi miwili watu walimwambia amekosea, naye akaanza kuamini.

"Siku ile ulifika saa ngapi, mama?" Minoti aliuliza.

"Nilichelewa. Dhoruba iliangusha mti mkubwa barabarani, nikazunguka kwa miguu kupita mtaroni. Nilifika saa moja kasoro dakika kumi."

"Uliwakuta kina nani?"

"Mwalimu Bhagawati, msimamizi, na makarani wake. Na Dipok, wakala wa filimbi. Mimi nilikuwa nje natoa tope miguuni. Nasikia mashine inalia. Inalia, inanyamaza, inalia."

"Kabla ya saa moja? Kabla ya mtu wa kwanza kuingia?"

"Mtu wa kwanza nilikuwa naye hapo nje, ananiazima fimbo ya kukwangulia tope."

"Nani alikuwa anabonyeza?"

"Dipok. Kulikuwa na wakala mwingine?"

"Kisha?"

"Mwalimu akaniambia, tumechelewa, tia sahihi hapa tufungue mlango. Nikatia."

"Kabla ya kutia, alikuonyesha sifuri?"

"Sifuri gani?"

Minoti aliweka kikombe chini. Kila asubuhi ya uchaguzi, kabla ya mlango kufunguliwa, mawakala hupiga kura za majaribio ili kila mmoja aone mashine haidanganyi. Sheria inataka zisipungue hamsini. Zikishahesabiwa, vipande vya karatasi vinavyotoka kwenye mashine hutiwa kwenye bahasha nyeusi yenye lakiri, na msimamizi hubonyeza kitufe cha kufuta. Mashine huonyesha sifuri kwa kila jina, na mawakala wote huitazama sifuri hiyo ndipo watie sahihi.

"Hamsini," Someswari alisema taratibu. "Kwa hiyo hakuna aliyeingia chumbani usiku. Hakuna fundi wa mashine aliyeletwa kutoka Delhi. Nimeshindwa na kidole cha Dipok na mwalimu aliyesahau."

"Bado ni dhana," Minoti alisema. "Sijaithibitisha."

Etowari alijifunika uso kwa ncha ya sari. "Nilitia sahihi, Someswari. Nilifurahi kwamba naweza kuandika jina langu, nikaandika upesi."

"Nami nilikutuma kwenye dhoruba bila mwavuli. Tusigawane lawama, mama, hazitatutosha. Inspekta, mwalimu huyu anakaa wapi?"

"Ghilaguri, ng'ambo ya mto. Wewe hutakwenda. Ukionekana naye, watasema umemnunua."

"Nimnunue kwa kitu gani? Kwa chai ya chumvi?"

*

Minoti alivuka kwa feri ya saa saba. Watu wa Ghilaguri walikuwa wamekusanyika kwenye nyumba ya sala ya kijiji. Mto unapopanda, watu wa pale husali kwanza, kisha hubeba magunia ya mchanga. Mwalimu Holiram Bhagawati alikuwa barazani, anapanga matoazi kwenye mkeka. Alikuwa mwembamba, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha shingo.

"Afande Phukan amenipigia simu," alisema. "Amesema hutakuja, mwanangu."

"Amekosea, mwalimu. Naruhusiwa kukaa?"

Alimpisha kwenye mkeka. "Sina la kuongeza. Mashine ilisema 662, fomu inasema 662. Zinalingana."

"Zinalingana. Na daftari la sahihi za wapigakura?"

"Liko kwenye gunia lenye lakiri. Ni jaji tu awezaye kulifungua."

"Sikuja kulifungua. Unafundisha somo gani?"

"Hesabu. Miaka thelathini na minne."

"Mia saba thelathini na moja, toa sabini?"

"Mia sita sitini na moja."

Minoti alitandika karatasi mkekani: vyeti, barua, picha za vidole, na juu yake maelezo ya Lakhan Orang. Mwalimu alizisoma zote, moja baada ya nyingine, bila kuruka, kama anayesahihisha mitihani. Ndani ya nyumba ya sala watu walikuwa wameanza kuimba.

"Fomu yako ina angalau mtu mmoja ambaye hakuwapo," Minoti alisema. "Mimi nasema ni hamsini."

"Kwa nini hamsini? Mwizi angeiba mia."

"Kwa sababu si mwizi. Mwizi angechagua nambari yake. Hamsini ni ya sheria. Mti umeanguka, muda umekwisha, mtu mwingine angepiga tano za majaribio na kufungua mlango. Wewe ulisimamia hamsini kamili."

Mwalimu alilirudisha toazi moja mahali pake. Lilitoa mlio mdogo, akalifunika kwa kiganja.

"Kitufe kiko chini ya kifuniko," alisema. "Nilikuwa na lakiri mkono huu, karani ananiita, watu wanagonga mlango. Nikafunga kifuniko. Nikaweka lakiri. Nilikuwa nimeamini nimebonyeza. Saa kumi na mbili jioni mashine ikasema 662, daftari likasema 612. Nilihesabu mara tatu."

"Ukaandika 662."

"Nilitakiwa kuandika kama ilivyo na kueleza. Mashine ingewekwa kando. Nikaona barua ya onyo, na Novemba nastaafu. Nikasema, hamsini kati ya laki moja, ni tone mtoni."

"Dipok alizigawaje?"

"Nilimwambia agawe sawa kwa kila alama. Akacheka, akasema ni mazoezi tu. Filimbi arobaini na nne. Alama nyingine sita, moja moja. Bahasha nyeusi nilifunga kwa mkono wangu, iko kwenye gunia."

Hakusubiri kuulizwa hesabu. "Barpujari atolewe arobaini na nne. Someswari atolewe moja. Mwanamke yule alishinda kwa kura kumi na mbili. Nilijua tarehe mosi Mei, redio ilipokuwa bado inasema."

Simu ya Minoti ilitetemeka. Saa kumi kamili.

"Faili?" ilikuwa sauti ya Phukan.

"Halijafungwa, afande. Lina shahidi." Akaikata.

"Utanikamata?" mwalimu aliuliza.

"Leo hapana. Na sikufichi, mwalimu. Maelezo anayopewa polisi hayasimami mbele ya jaji. Naweza kuandika kurasa ishirini, Jumatatu ukasema hukunijua, nami nikabaki na karatasi. Inatakiwa kinywa chako, Guwahati, Jumatatu. Kukulazimisha siwezi."

Wimbo ulikwisha. Mwalimu akainuka, akaingia ndani. Akatoa sinia ya shaba yenye miguu, akapanga juu yake popoo na majani ya tambuu, akatandika kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu. Kila mtu Ghilaguri anajua maana ya sinia hiyo: mtu ana kosa, na hakungoja kuitwa.

Aliiweka mbele yao, akapiga magoti, paji la uso likagusa sakafu. Kisha akawaeleza yote, kuanzia mti ulioanguka hadi kura kumi na mbili.

Nobin, mwenye feri, alisimama wa kwanza. "Mwalimu, kijiji hiki kiliipigia kura filimbi. Mimi nilibandika mabango. Barpujari ametuahidi tuta la kuzuia mto. Maji yako pale, yatazame. Unataka kutuvunjia tuta?"

"Aliahidi mara ngapi?" aliuliza Aimoni, mjane aliyekaa karibu na nguzo, upande wa wanawake.

"Safari hii ana kiti."

"Ana kiti cha Someswari. Sisi tulimpa kura zetu, na zetu zipo, hakuna anayezigusa. Hizo arobaini na nne nani alimpa? Wewe, Nobin, ulimpa ngapi?"

"Moja."

"Basi dai tuta kwa hiyo moja."

Watu wachache walicheka. Nobin hakucheka. Akamgeukia mwalimu. "Watakuchukulia pensheni. Barpujari hatakusahau. Na huyu inspekta kesho yuko visiwani, hatakuwepo kukulinda."

"Ni kweli," Minoti alisema kutoka mlangoni. "Huenda kesho nikawa visiwani."

"Umesikia, mwalimu? Sisi tunakupokea sinia, tunakusamehe, yaishe hapahapa. Ulikosea, umesema. Mungu amesikia. Mahakama ya nini?"

Wengine walikubali kwa vichwa. Lilikuwa pendekezo jema, la majirani, na mwalimu angeweza kulipokea na kwenda nyumbani kula.

"Sikumkosea Mungu peke yake," mwalimu alisema. "Yeye hakupoteza kiti."

Aliinuka. Magoti yalimsumbua, na aliyempa mkono alikuwa Nobin, kwa mazoea ya miaka mingi. Mwalimu aliushika mkono huo, hakuuachia.

"Sikilizeni, ili Jumatatu asiwepo wa kusema alisikia vingine. Mimi, Holiram Bhagawati, Jumapili asubuhi nitapanda feri ya Nobin mchana kweupe, na nauli nitalipa. Jumatatu nitasimama mbele ya jaji niseme: mashine haikuharibika, hakuna aliyeiiba, mimi sikubonyeza kitufe, na mimi niliandika uongo. Pensheni waichukue. Atakayekuja kwangu kesho na bahasha ya pesa, au na rungu, atanikuta uani kwangu, mlango wazi, na ataondoka na maneno haya haya."